Kutu Iliyo Chini ya Rangi

Uongo wa ulimi kila mtu aujua, na mtoto hukanywa juu yake tangu siku aanzapo kusema. Lakini uko uongo mwingine usio na maneno, unaofanywa kwa brashi na kopo la rangi. Tena uko wa tatu, uliojificha kupita huo, ambao mtu hasemi neno wala hapaki kitu, bali hugeuza uso wake ili asione. Huo wa tatu ndio ninaotaka tuufikiri pamoja, ndugu msomaji, maana watu wengi hawauhesabu kuwa ni kosa. Mtu huulizwa, naye hujibu, "Mimi sikujua". Na kwa kuwa ni kweli hakujua, huenda zake akidhani ya kwamba shauri limekwisha.

Swali langu basi ni hili: Je, mtu aweza kuwa na hatia kwa jambo asilolijua, ikiwa hakulijua kwa sababu hakutaka kulijua?

Mfano nitakaoutumia ni rimu ya trekta kuukuu, yaani ule mduara wa chuma ushikao tairi ya gurudumu la nyuma. Pengine msomaji atacheka, aseme, mambo ya haki na mambo ya grisi wapi na wapi? Lakini mimi naona maswali ya namna hii hukaa karakanani zaidi ya yanavyokaa vitabuni, kwa sababu karakanani chuma hakikubali maneno matupu, na yule atakayeumia yuko karibu, pengine ameketi pale pale juu ya gogo akingoja.

Apitaye katika nchi ya Karatu na Mbulu wakati wa kulima ataona trekta nyekundu za namna ya Massey Ferguson 135 zikienda shambani, nyingine zimepauka hata wekundu wake umekuwa sawa na udongo wenyewe. Trekta hizo zilitengenezwa Coventry, katika Uingereza, tangu miaka ya 1960 hata mwaka 1975, na kiwanda chenyewe kilifungwa mwaka 2002. Kiwanda kilichozizaa hakipo tena, nazo bado zalima. Sababu yake ni kwamba hazina mambo mengi ndani, spea zake hupatikana, na fundi aliyejifunza kwa mkono aweza kuzifungua na kuzifunga bila kitabu. Aliye nayo husema kama wahenga, "Bura yangu sibadili na rehani," wala simlaumu, maana bei ya trekta mpya iko mbali na mfuko wake. Injini ya trekta hizi ikiugua hupiga kelele. Mafuta yakivuja huonekana chini. Klachi ikichoka dereva huisikia mguuni. Rimu haisemi.

Yapasa nieleze jinsi rimu inavyooza, maana hukumu ya jambo hili imo katika jinsi hiyo. Gurudumu la nyuma halijazwi upepo peke yake. Jembe la sahani likizama katika udongo mzito, trekta nyepesi huteleza, magurudumu yakazunguka pale pale na kuchimba mashimo. Basi wakulima hutia maji ndani ya tyubu, mpaka kiasi cha robo tatu yake, ili gurudumu liwe zito lishike ardhi. Katika gurudumu la trekta ya ukubwa huu huingia zaidi ya lita 100, na kila lita ni kilo moja. Huko Ulaya na Marekani maji hayo huganda wakati wa baridi, kwa hiyo wakulima wa huko wamezoea kuyachanganya na chumvi iitwayo kloridi ya kalsiamu, ambayo huyazuia yasigande, na tena huyaongezea uzito. Ni shauri jema kwa jembe, na ni shauri baya kwa chuma. Chumvi hiyo ina tabia ya kuvuta unyevu wa hewani, hata mahali ilipomwagika hapakauki. Tyubu ikitoboka, au vali ikilegea, yaani kile kidomo cha kutilia upepo, maji ya chumvi hupenya kati ya tyubu na rimu, yakakaa humo gizani miaka na miaka. Na kwa kuwa trekta zilizotumika huko huletwa kuuzwa kwetu pamoja na magurudumu yake, nyingine huja zikiwa na maji yale yale ndani. Hivyo dawa ya baridi ya nchi nyingine huendelea kula chuma katika nchi ambayo mkulima wake hajapata kuona maji ya tairi yakiganda. Hata maji matupu, yakivuja na kuachwa, hufanya kazi hiyo hiyo, ila kwa mwendo wa polepole.

Kutu yenyewe ni chuma kilichoungana na oksijeni na maji. Ikizaliwa hutaka nafasi kubwa kuliko ile ya chuma kilichoizaa, mara mbili na zaidi, ndiyo maana huvimba, ikabanduka magamba magamba. Na kila gamba litokapo, maji huufikia mwili mpya. Huanza mahali panapovuja, yaani kuzunguka tundu la vali, nayo hula kutoka ndani kuja nje. Hapo ndipo ilipo hila yote. Rangi ya nje huwa ya mwisho kupata habari. Mtu hutazama rimu, akaiona ina rangi yake ya fedha, akaipiga kofi, akaridhika, kumbe ndani yake chuma kimebaki kama ganda la yai.

Wahenga walisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Ni neno la hekima, lakini lilizaliwa katika soko la vitu vinavyofunguka. Ng'ombe hufunuliwa mdomo akahesabiwa meno; hindi humenywa; samaki hutazamwa mashavu. Lakini nani amfumuae mwuzaji gurudumu mnadani, mbele ya watu, ili achungulie nyuma ya tyubu? Mnunuzi hana jeki, hana mtalimbo, hana nusu siku. Kwa hiyo katika kitu kama hiki kibaya nacho chajiuza, mradi kimepakwa rangi. Wala si maskini tu wanaopatwa na jambo hili. Mwaka 1947, serikali ya Uingereza ilipoanza mradi ule mkubwa wa karanga pale Kongwa, zilinunuliwa trekta nyingi kuukuu zilizobaki kwa jeshi huko Ufilipino, na sehemu kubwa yake zikawa hazifai kwa kazi kabla mwaka haujaisha. Mradi uliachwa mwaka 1951. Sababu za kuanguka kwake zilikuwa nyingi, na udongo mgumu na uhaba wa mvua vilikuwa kubwa kuliko trekta. Lakini serikali nzima, pamoja na makarani wake na fedha zake, ilinunua chuma ambacho mgonjwa wake alikuwa ndani.

Nitasimulia sasa jambo moja nililolishuhudia, bila kumtaja mtu wala mahali. Mzee mmoja alileta trekta yake kwa fundi. Gurudumu la kulia lilikuwa likipungua upepo kila asubuhi, na kando ya vali palikuwa na kidonda cha rangi ya kahawia, upana wake kama kiganja. Mzee akaanza pale pale, "Fundi, nisikilize, sitaki mambo marefu. Ziba hapo kwa puti, piga msasa, kisha paka gurudumu zima lifanane na mwenzake. Mnada ni wiki ijayo."

Fundi akasema, "Shikamoo kwanza, Mzee wangu."

Mzee akacheka, akaitikia marahaba. Ndipo fundi akachukua brashi ya waya, akasema, "Mzee, niruhusu nikwangue kidogo, nipaone."

Mzee akamshika mkono. "Usikwangue, mwanangu. Ukikwangua utaona, na ukiona utaniambia, na ukiniambia nitakuwa nimejua."

Sijapata kusikia mtu mwenye elimu aliyelieleza jambo hili kwa maneno machache kupita hayo. Yule mzee hakuwa mwizi. Alikuwa mtu wa heshima kwao, asiyeweza kusimama mnadani na kumwambia mnunuzi uongo usoni. Na hiyo ndiyo sababu hasa alitaka asijue, ili ulimi wake ubaki safi. Tazama basi jambo la ajabu: ni unyofu wake mwenyewe uliomfundisha hila. Mwongo aliyezoea hana haja ya kufumba macho. Angeijua kutu yote, na kuuza angeuza vivyo hivyo. Afumbaye macho ni yule ambaye dhamiri yake ingali hai, naye anaitafutia mahali pa kuilaza.

Lakini je, alikuwa hajui? Mimi nasema alijua nusu, na nusu hiyo yatosha. Mtu asiyejua kweli hajui pia ni wapi asitazame. Mzee hakumzuia fundi asiguse kiti, wala usukani, wala gurudumu la kushoto. Alimshika mkono pale pale penye kutu. Mkono wake ulijua kabla ya kinywa chake. Na ndivyo ilivyo karibu kila mara mtu asemapo "sikujua" juu ya jambo lililokuwa mbele yake: ukimfuata nyuma utaona kuwa alikuwa akiizunguka njia ile, kama mtu azungukaye nyumba ya amdaiye. Kuizunguka kwake ni ushahidi kwamba anajua nyumba ilipo.

Kijana aliyekuwa akijifunza kazi kwa fundi yule alimtetea mzee, na maneno yake yalikuwa ya maana, kwa hiyo nitayaleta hapa.

Kwanza alisema, "Mzee ameomba rangi. Hatukuulizwa habari ya chuma." Neno hili husemwa sana na mafundi, hata na makarani, na hata na sisi walimu tunapompa mtoto cheti bila kutazama kama asoma au anakumbuka tu. Lakini rangi juu ya chuma ni maneno. Rangi mpya humwambia kila apitaye, "Chini yangu pana chuma kizima." Hiyo ndiyo kazi yake, kama isingesema hivyo mzee asingeitaka. Basi mkono ulioipaka ndio uliosema, ijapokuwa kinywa kilikuwa kimya, na mnunuzi amepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa bila ya mtu yeyote kumdanganya kwa neno.

Pili alisema kwamba hakuna mwisho wa kukwangua. "Tukiikwangua rimu, mbona tusifungue na giaboksi? Mbona tusipasue na injini? Mtu akiletewa pancha atafumua trekta nzima?" Hapo kijana alisema kweli, na mtu asidhani kwamba nataka kila fundi awe mpekuzi. Kutokujua si kosa. Sote hatujui mambo mengi kuliko tunayoyajua, na maisha hayangewezekana kama tungelazimika kufungua kila kilichofungwa. Lakini ufundi ni nini, kama si kujua mahali ambapo ubaya hupenda kukaa? Mkulima hajui kwamba kutu huanza kwenye tundu la vali, fundi ajua. Elimu hiyo ndiyo anayolipwa kwayo. Hawezi kuitumia anapodai ujira, akaisahau anapotakiwa kutazama. Tena tupime na madhara. Kiti kilichopasuka hakiui mtu. Rimu iliyooza hukaa chini ya trekta iliyoshuka mlima na tela la mahindi nyuma yake, na juu ya mahindi wamepanda watoto, kama tujuavyo ilivyo desturi, ingawa si desturi njema. Huko ndiko ukingo wa chuma huachia tairi, na gurudumu moja likilala ghafula mtelemkoni, dereva hana la kufanya.

Neno lake la tatu lilikuwa zito, wala sitalipita mbio. Alisema, "Mzee anauza kwa sababu ana shida. Ukimwonyesha kutu, bei itashuka nusu. Utakuwa umemtendea nani wema?" Umaskini hufanya haki ionekane kama anasa ya wenye nacho, na ajibuye upesi katika jambo hili hajawahi kuuza kitu kwa shida. Nimelifikiri muda mrefu, nami naliona hivi. Hasara haizaliwi na brashi ya waya. Hasara ilikwisha kuwapo. Iliingia siku ile maji yalipoanza kuvuja, na imekuwa ikikua kila mwaka. Rangi haiwezi kuiondoa hata chembe. Iwezalo rangi ni kuihamisha tu, imtoke mtu aliyelima kwa trekta hiyo misimu mingi, imwendee mtu ambaye hajalima nayo hata mstari mmoja. Na huyo wa pili ni nani? Anunuaye trekta ya miaka hamsini si tajiri. Mara nyingi ni ndugu watatu waliouza ng'ombe zao wakaunga fedha. Basi tunaposema tunamhurumia maskini kwa kumpakia rangi, tumechagua maskini mmoja tunayemwona, tukamtupia mzigo maskini mwingine tusiyemwona. Huruma ya namna hiyo yafuata macho tu.

Hapo lugha yetu yenyewe inatufundisha, kama tukiisikiliza. Twasema kupaka, kuziba, kutia kiraka, kutengeneza. Wala maneno haya si mamoja. Kutengeneza ni kukifanya kitu kitengenee, yaani kitu chenyewe kiwe sawa, si kionekane sawa. Mtu aweza kupaka kitu huku kikiendelea kuharibika. Hawezi kukitengeneza huku kikiendelea kuharibika. Lakini siku hizi gari lililopakwa rangi huitwa limetengenezwa, na nadhani neno limekwanguka kuliko gari.

Fundi yule alimjibu mzee hivi: "Mzee wangu, rangi peke yake sitaipaka. Kukwangua nitakukwangulia bure, mbele ya macho yako. Ukisha kuona, trekta ni yako, uamue mwenyewe." Mzee akakasirika, akawasha trekta akaondoka. Siku ya tatu akarudi. Hakueleza kwa nini, wala hapana aliyemwuliza.

Nataka kuieleza kazi iliyofanyika, kwa kuwa ndani yake kila hatua ina mlango mdogo wa kutotazama. Kwanza magurudumu mengine yalizuiwa kwa mawe, jeki ikainua, na chini ya eksli yakapangwa magogo, maana jeki peke yake si wa kuaminiwa. Gurudumu likazungushwa mpaka vali ikawa chini, kiini chake kikafunguliwa, maji yakatoka. Yalipokelewa katika pipa, kwa sababu maji ya chumvi hiyo hukausha mimea. Na wako wayaachao yamwagike shambani kwa jirani, lakini hilo ni somo jingine. Kisha ukingo wa tairi ukabanduliwa kwa shida, kwa kuwa kutu ilikuwa imeugandisha kama gundi, na tairi ikatolewa kwa mitalimbo na maji ya sabuni.

Wako wasiofika hapo. Huchomelea rimu tairi ikiwa bado juu yake, na wengine hudhani kwamba kutoa upepo ni tahadhari ya kutosha. Nataka kila kijana asomaye gazeti hili alijue jambo hili hata kama atasahau mengine yote: joto la kuchomelea huunguza mpira kwa ndani, mpira hutoa gesi ziwezazo kuwaka, na tairi hupasuka kwa nguvu ya kumwua aliye mbele yake, hata ikiwa haikuwa na upepo. Watu wamekufa hivyo katika nchi nyingi. Kufumua tairi ni kazi ya jasho. Kutoifumua ni kusema "sitaki kujua yaliyomo ndani", na yaliyomo ndani hayahitaji ruhusa.

Rimu ilipokuwa uchi, fundi aliipiga kwa nyundo yenye ncha, hatua kwa hatua, akisikiliza. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza huguna. Kando ya vali nyundo ilipita mpaka upande wa pili. Kidonda kilichoonekana nje kama kiganja, kwa ndani kilikuwa urefu wa mkono hata kiwiko. Mzee alisimama akitazama, asiseme neno.

Ndipo ikaja hatua ambayo hapo mafundi wengi hujidanganya wenyewe, si mteja. Ukikata, wapaswa kukata mpaka ukifikie chuma kizima, si mpaka tundu linapokwisha. Kati ya tundu na chuma kizima pana ukanda mwembamba, si hai wala haujafa, nao humshawishi mtu auache, kwa kuwa kuukata ni kuongeza kazi. Kiraka kikichomelewa juu ya ukanda huo, ama moto huutoboa papo hapo, ama hushika kwa msimu mmoja kisha hufunguka. Fundi alikata mpaka mlio ukabadilika. Akakunja bamba la unene ule ule kufuata mviringo wa rimu, akalichomelea pande zote, nje na ndani; akatoboa tundu jipya la vali na kulilainisha kwa tupa lisije likaikata tyubu; akasaga mshono wa ndani hata ukawa laini chini ya kidole. Iliyobaki ya kutu akaipaka asidi ya fosfori, ambayo huibadili isiendelee kula, kisha rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha rangi mara mbili. Na sehemu ya ndani, iliyofunikwa na tyubu ambapo hapana mnunuzi atakayepaona maisha yake yote, aliipaka kwa uangalifu kuliko ya nje. Nilimwuliza sababu. Akanishangaa, akasema, "Mwalimu, si huko ndiko kutu inakotoka?" Nilikuwa nimetazamia jibu la adabu, nami nikapewa jibu la chuma.

Wakati wa kurudisha tairi kijana alijaza upepo kidogo kidogo, akiwa amesimama kando, si mbele ya gurudumu, wala hakupita ratili 35 kwa inchi mraba katika kuukalisha ukingo, kisha akaupunguza mpaka kipimo cha kazi. Upande wa nje kiraka kilionekana. Mzee aliuliza kama hakiwezi kufichwa kwa puti kidogo, kwa ajili ya uzuri tu. Fundi alikataa, na hapo ndipo tulipotofautiana, kwa maana mimi nilidhani kuwa kazi ikiwa ni njema uzuri haudhuru. Baadaye nilimkubali. Mshono unaoonekana humwambia fundi ajaye, miaka kumi baadaye, mahali pa kuanza kutazama. Ukiufunika, hata kama uko imara leo, umemfumba macho mtu ambaye hakukuomba kumfumba.

Limebaki jambo moja ambalo bado lanisumbua, nalo ni la malipo. Kwa kuwa kutu ilikuwa imeonekana kulia, fundi alishauri gurudumu la kushoto nalo lifunguliwe. Likafunguliwa, nusu siku ikaisha, na rimu ikakutwa nzima, ina kutu ya juu juu tu iliyotoka kwa brashi. Mzee akasema, "Basi hiyo nusu siku nalipia nini? Hukutengeneza kitu." Na kwa kweli hakutengeneza. Alichouza ni kujua, na kujua kukileta habari njema huonekana kama hakuna thamani, hali kukileta habari mbaya huonekana kama adui. Ndiyo maana fundi mwenye njaa hujifunza upesi kutofungua: akifungua akakuta ubaya, mteja humchukia, akikuta uzima, mteja hamlipi. Tukitaka mafundi wasiofumba macho, sisi tunaoleta magurudumu yatupasa tukubali kuilipia nusu siku ile. Siku hizi fundi yule hupatana bei mbili kabla hajashika spana, moja ya kufungua na kutazama, nyingine ya kutengeneza, naye huyaandika maneno hayo katika daftari mbele ya mteja. Wateja wengine huondoka wakisikia bei ya kwanza. Mzee yule alilipa robo tatu ya ile aliyodaiwa, na mnadani, nilivyosikia, alimwonyesha mnunuzi kiraka kabla ya kuulizwa, akiusifu mshono kama kwamba aliuchomelea mwenyewe.